Mteja Alishauriwa Kushuka

Vijana wa chama chetu cha waongoza watalii mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na kwa kuwa goti langu la kulia sasa linakataa hata ngazi za kanisani, muda ninao. Sitaandika habari za vyeo wala kampuni nilizofanyia kazi. Nitaandika kazi yenyewe, yaani kumpeleka mtu kilele cha Meru na kumrudisha nyumbani. Hapo kazi ni kule kurudisha. Kupeleka tu hata mbuzi anaweza.

Mimi Anaeli ni mzaliwa wa Ngare Nanyuki. Nilianza kama mpagazi, na mzigo wangu wa kwanza ulikuwa mayai. Aliyenipa ni Mzee Ndewario, kiongozi wa msafara, mtu mfupi aliyetembea kama anatafuta sindano aliyoiangusha. Nilidhani ananidharau, kwa hiyo nikaamua kumwonyesha miguu. Nikawapita wapagazi wote, nikafika wa kwanza kambi ya Miriakamba, nikakaa kwenye jiwe kuwasubiri. Mzee alipofika akafungua trei, akatazama, akasema, "Umeharakisha mara kumi na moja." Yalikuwa yamepasuka mayai kumi na moja. Jioni tukayala yote, na kesho yake akanipa mayai tena.

Nilitembea nyuma ya mzee huyo miaka tisa kabla ya kupewa leseni yangu. Mengi mnayofundishwa siku hizi chuoni kwa picha za ukutani, yeye aliyasema akiwa anamenya viazi. Alisema mteja haulizwi anajisikiaje, maana ametoka mbali ili aje aseme anajisikia vizuri. Angalia kama amekula. Angalia kama amekojoa. Halafu mwambie akutajie watoto wa nyumbani kwao, kuanzia mdogo. Mtu aliyelewa mlima huanza kuwasahau wadogo. Na jambo la mwisho alilisema mara nyingi kuliko yote: "Neno la kushuka ni lako. Usimwombe mteja akusaidie kulisema."

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Fimbo ya mzeituni wa porini, filimbi, chupa ya chai ya tangawizi, taa ya kichwani na betri za akiba ninazolala nazo kifuani zisigande. Baadaye ikaja ile mashine ndogo ya kubana kwenye kidole, inayosoma oksijeni ndani ya damu. Mzee Ndewario hakuipenda, alisema itatufanya tuache kutazama watu usoni. Mimi niliipenda. Nyumbani inasoma tisini na kitu. Kule kambi ya Saddle, themanini na kitu si ajabu. Mtu akiwa amekaa kitako, amepumzika, na bado inasoma chini ya themanini, anza kufunga mizigo.

Nimewageuza watu wengi. Nilimgeuza mwanajeshi mmoja, pande la mtu, akalia njia nzima mpaka Miriakamba. Nilimgeuza daktari aliyenieleza kwa dakika ishirini kwamba yeye anajua mapafu kuliko mimi, na huku anaeleza alikuwa amevaa glovu moja tu, nyingine ameisahau mezani. Nilimgeuza bwana harusi akiwa hatua mia mbili chini ya kilele, mkewe akapanda na msaidizi wangu. Wale maharusi sijui waliishije baada ya hapo. Wote niliwaambia neno moja, tunashuka, na wote walishuka. Nilijivuna kwamba sijapoteza mtu, na nilijivuna kwa sauti, mbele ya wapagazi, jambo ambalo Mzee Ndewario asingelifanya.

Miaka sita kabla ya kustaafu nilipigiwa simu na Mwalimu Zakaria. Huyu alinifundisha shule ya msingi, kuanzia darasa la tatu hadi la saba. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ng'ombe wa baba. Alikwenda nyumbani kwetu mara tatu kumwambia baba kwamba mtoto huyu asome, na mara ya tatu alikuja na mkaguzi. Bila yeye nisingejua kusoma, na leseni yangu ingekuwa ya mtu mwingine. Alikuwa amestaafu, anaishi Kijenge na mkewe, tunayemwita Mama Naomi. Akaniambia njoo nyumbani, nina neno.

Nilimkuta sebuleni amevaa viatu vipya vya kupandia mlima, anavizoesha juu ya zulia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Anaeli. Kaa. Mlima huu nimeuchora ubaoni miaka thelathini na tano. Mita elfu nne mia tano sitini na sita. Kuna watoto wamechapwa kwa kukosea namba hiyo, na mimi mwenyewe sijawahi kuikanyaga."

"Mimi nilichapwa mara mbili, mwalimu."

"Basi ulistahili mara mbili. Nataka kupanda, na nataka wewe unipeleke."

Mama Naomi alileta chai, akabaki amesimama. "Anaeli, mzee huyu ana kifua. Daktari amempima, amesema akienda polepole anaweza. Mimi nimekubali kwa sharti moja, na ninalisema mbele yako uwe shahidi. Wewe ukisema arudi, anarudi. Hata kama zimebaki hatua kumi."

"Nimeshaahidi, mama Naomi," mwalimu akasema.

"Ahidi tena, asikie."

"Kiongozi akisema nirudi, nitarudi."

Mama akanigeukia. "Na wewe?"

"Mama, usiwe na wasiwasi. Nitamwangalia kama baba yangu." Nilisema hivyo kwa moyo safi. Sikujua kwamba hapo hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu mteja hachungwi kama baba. Baba hachungwi. Baba ndiye anayekuchunga.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Kutoka getini mwalimu alitembea mwendo wa Mzee Ndewario, mwendo wa sindano. Askari wa hifadhi alitangulia na bunduki yake kwa ajili ya nyati, na mwalimu akamwuliza maswali mengi hadi askari akaniuliza pembeni kama huyu ni mkaguzi. Pale Miriakamba mwalimu alikula wali sahani mbili. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa na wasiwasi.

Siku ya pili, njia ya kwenda Saddle, alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi. Alisema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa tope tupu, lakini yeye alisema vumbi na mimi nikaitikia, ndiyo mwalimu. Kambini mpishi alimpelekea supu. Nilipoingia chumbani kwake bakuli lilikuwa limejaa, limeganda mafuta juu.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula."

Bakuli lilikuwa hapo katikati yetu. Mteja mwingine ningemwambia, baba, hujala, kijiko hiki hapa. Kwa mwalimu sikuuliza mara ya pili. Mnajua tulivyolelewa. Mwalimu akisema nimekula, amekula.

Nikambana mashine kidoleni. Ikasoma sabini na sita. Nikasubiri, nikaibana kwenye kidole kingine, ikarudia sabini na sita. Mwalimu akaitwaa, akaisogeza mbali na macho ili aisome, akasema, "Sabini na sita. Enzi zangu hiyo ni alama ya kwenda sekondari."

Nikacheka. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko mengine yote, kwamba nilicheka.

Yeye hakucheka muda mrefu. Alikaa kitandani, akakohoa, akaniambia taratibu, "Anaeli, nimemwahidi mama Naomi. Huku juu wewe ndiye mwalimu. Ukisema tushuke, tunashuka."

Hakuna mteja aliyewahi kunirahisishia kazi namna ile. Wanajeshi na madaktari niliwatoa kwa mabavu, na huyu alinipa neno mkononi. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, nina wajukuu wawili, lakini mbele ya mzee yule nilikuwa darasa la tatu. Mdomo ulikataa. Nilimwonea huruma, nikaona aibu kumkatisha tamaa, na juu ya yote nilitaka sana niwe mimi niliyempeleka juu. Nataka mlisome hilo la mwisho mara mbili.

Nikasema, "Uko sawa, mwalimu. Tutaenda polepole."

Tuliondoka saa saba usiku, mimi na yeye tu. Askari alibaki Saddle na wapagazi, kwa kuwa nyati hawapandi kwenye majivu ya volkano ya huko juu. Kulipokucha tulikuwa bado tuko mbali chini ya Kobra, kile kituo cha kabla ya kilele, saa ambayo wateja wengi huwa wameshafika juu au wanateremka. Kila baada ya hatua kumi alisimama kushika pumzi. Kila aliposimama nilijiambia kwamba akisimama tena nitasema. Kisha akatembea tena na mimi nikafurahi.

Alifika. Saa nne asubuhi, chini ya jua, Mwalimu Zakaria aliweka mkono juu ya ule ubao wa kileleni, akausoma herufi kwa herufi, namba kwa namba, kama anasahihisha daftari. Akasema, "Kumbe ni kweli." Akalia. Mimi pia nililia. Tulikuwa wawili tu juu ya Arusha nzima, na siwezi kuwadanganya, ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizoziona kazini.

Simu kileleni inashika vizuri kuliko Kijenge. Akampigia mkewe, akaweka sauti ya nje.

"Mama Naomi, niko juu kabisa."

"Umefika kweli? Mbona unahema hivyo? Kiongozi anasemaje?"

"Anasema niko sawa."

"Haya. Mungu ni mwema. Shukeni sasa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoongea.

Chini ya Kobra alianza kuyumba. Nilimfunga kamba kiunoni, nikamshika kutoka nyuma. Kikohozi kilikuwa kimelowa sasa, na alipotema mate, yalikuwa na povu la rangi ya waridi. Kila mmoja wenu anajua maana yake, mapafu yamejaa maji. Nikampigia simu askari, haikushika. Nikapuliza filimbi, nikaendelea kuipuliza kila baada ya hatua chache. Nikamwambia mwalimu anitajie watoto wake kuanzia mdogo. Alikuwa na mmoja tu, Naomi, lakini hakumtaja. Alisimama wima, akanyoosha shati, akaanza kuita mahudhurio. Alituita darasa letu, lile la miaka ile, kwa majina ya ubatizo na ya ukoo, na wengine wameshakufa zamani. Alipofika jina langu alisubiri.

"Nipo, mwalimu," nikasema.

Akaendelea na jina lililofuata. Baada ya hapo miguu ikakataa, nikambeba mgongoni.

Wote mnaijua ile sehemu kabla ya kituo cha Rhino, ambapo mtu anayerudi, badala ya kushuka, inabidi apande tena kwenye miamba yenye minyororo. Alikata roho hapo. Nilijua kwa sababu uzito ulibadilika. Sikumweka chini. Nilimaliza minyororo, nikafika juu ya Rhino, ndipo nikamkuta askari na wapagazi wawili wanapanda na machela, wakifuata sauti ya filimbi. Askari aliweka bunduki chini, akavua kofia. Tulimfunga vizuri tukamshusha.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu, maana habari za mayai mngeweza kusimuliwa na yeyote.

Katika ofisi ya hifadhi niliwekewa fomu ya taarifa ya ajali. Hakuna aliyenishikia mkono wala kuninong'oneza. Mpishi alikuwa ameona bakuli la supu, lakini maneno ya mle chumbani tulikuwa nayo watu wawili, na mmoja alikuwa kwenye machela. Niliandika jina, umri, saa, mahali. Kwenye mstari wa maelezo ya kiongozi niliandika sentensi ambayo sote tunaijua, ile tunayofundishana tukiwa wasaidizi, kwamba ukiiandika umelindwa: Mteja alishauriwa kushuka, akakataa. Mwandiko ulikuwa mzuri, ule ule alionifundisha yeye.

Siku mbili baadaye Naomi alichukua nakala ya taarifa hiyo, akaja nayo nyumbani Kijenge, msibani. Nilikuwa nimekaa hapo kwenye viti vya kukodi. Akamsomea mama yake. Mama Naomi akaniita ndani.

"Anaeli, ulimwambia ashuke?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kubwa kama mlango.

"Nilimwambia, mama."

"Akakataa?"

"Akakataa."

"Na kwenye simu aliniambia wewe umesema yuko sawa."

Nikanyamaza. Alidhani nanyamaza kwa heshima ya marehemu.

"Kumbe alinidanganya," akasema. "Miaka arobaini na mbili, halafu ananidanganya siku ya mwisho."

Tulimzika Terrat, kwenye kiwanja alichonunua kwa ajili ya uzeeni. Mchungaji alisoma wasifu wake, akataja kwamba marehemu alifika kilele cha Meru, na waombolezaji wakapiga makofi kidogo. Mama Naomi hakushuka kwenye gari. Watu walisema ni presha. Mama alipoitwa kuweka udongo, Naomi alikwenda peke yake.

Nilifanya kazi miaka sita zaidi. Mnaikumbuka hiyo miaka, kwa sababu ndipo mliponiita Mzee Tushuke. Mteja akipiga chafya nilimgeuza. Mlicheka, na mimi nilicheka pamoja nanyi, nikawaacha mkidhani ni uzee. Wengine mliniambia mnajifunza umakini kwangu. Kila mliposema hivyo nilitamani kuondoka mahali hapo, na mara nyingi niliondoka, nikasingizia kwenda kuwaangalia wapagazi.

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Kwa Mrombo. Naomi ana chumba cha ushonaji hapo, jirani na soko. Nilikwenda nikiwa nimekusudia kuongea na mama yake kwanza, kwa hiyo nilimwuliza yuko wapi.

"Shikamoo baba," Naomi akasema, akanivutia kiti. "Kwani hukusikia? Mama tumemzika mwaka jana. Kwa ndugu zake, Machame."

"Si Terrat?"

"Alikataa Terrat. Alisema hatalala kando ya mtu aliyemdanganya. Tulimbembeleza, mchungaji alimbembeleza. Hata picha ya baba aliitoa ukutani. Mimi nilikuwa nairudisha, naye anaikuta, anaigeuzia ukutani."

Cherehani ya msaidizi wake ilikuwa inaendelea. Naomi akamwomba aende akanunue uzi, na binti yule akatoka. Nadhani aliona uso wangu.

Nikamweleza. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia kuhusu supu, kuhusu sabini na sita, kuhusu maneno aliyoyasema baba yake akiwa amekaa kitandani, na jibu langu. Nikamwambia kwamba ile sentensi kwenye karatasi niliitunga mimi. Alisikiliza huku anakunja kipande cha kitenge, anakikunjua, anakikunja upya.

"Kwa hiyo baba alikuuliza," akasema.

"Aliniuliza."

"Ungemwambia ashuke, angeshuka?"

"Angeshuka, mwanangu. Usiku ule ule. Alikuwa anasubiri nimwambie."

"Na kwenye simu hakumdanganya mama."

"Hakumdanganya. Nilimwambia yuko sawa."

Aliweka kitenge mezani, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Alikuwa anatazama ukutani.

"Basi mama alimnunia bure mpaka akafa," akasema.

Nikamjibu ndiyo.